Maswali ya Wasomaji: Bumu, Bia na Chumba cha Watu Wanne

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimojawapo hapa Dodoma. Nyumbani kwetu ni Kondoa, na katika ukoo wetu pombe haivuki kizingiti cha mlango. Chumbani tunalala wanne: mmoja anatoka Kilimanjaro, wa pili Bukoba, wa tatu Iringa. Kila mmoja ananiambia kwamba kwao kunywa ni mila, kwamba alionja mbege au rubisi au ulanzi akiwa bado mtoto, na kwamba mimi ndiye niliyekosa malezi. Lakini bumu, yaani posho ya mkopo wa masomo, likitoka, wote watatu hulewa kwa namna ileile, kwa bia ileile, kwenye grosari ileile, wala sioni mila ya mtu hapo. Mwalimu wetu mmoja alituambia kwamba vijana wa Ulaya hawalewi ovyo kwa sababu hufundishwa kunywa mezani na wazazi wao. Naomba kuuliza: je, wanavyuo wanakunywa kwa sababu ya utamaduni, kwa sababu ya msongo wa masomo, au kwa sababu ya fedha? Na hilo la Ulaya lina ukweli? Juzi nilikunywa chupa mbili ili wasinicheke, na bado najishangaa.
Mwanafunzi, Dodoma

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umeuliza mambo kadhaa kwa mpigo, lakini nusu ya jibu umeiandika mwenyewe pale uliposema kwamba wenzako watatu, waliokulia katika mila tatu tofauti, hulewa kwa namna ileile. Wangekuwa wanatekeleza mila, ungewaona wakitofautiana: huyu wa Kilimanjaro angetafuta mbege, pombe ya ndizi na ulezi ambayo kwao hutolewa harusini, misibani na pale mtu anapokwenda kuomba radhi, wa Bukoba angeulizia rubisi, na wa Iringa angengoja mvua, kwa maana ulanzi hugemwa kwenye mianzi michanga wakati wa masika, nao haufuati ratiba ya Bodi ya Mikopo. Wanachokunywa wenzako ni bia ya kiwandani, na wanaiita mila kwa kuwa mila ni neno ambalo mgeni huona haya kulipinga.

Watafiti wamelihangaikia swali lako kwa muda mrefu. Mwaka 1994 mwanasaikolojia wa Marekani, M. Lynne Cooper, alizigawa sababu za vijana kunywa katika mafungu manne, na mgawanyo wake unatumika hadi leo. Wapo wanaokunywa ili kunogesha kukaa na wenzao. Wapo wanaoitaka raha yenyewe ya kileo. Wapo wanaotaka kusahau yanayowasumbua. Na wapo wanaokunywa ili wasitengwe wala kuchekwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwauliza wanafunzi wa vyuo vikuu zaidi ya 8,000 katika nchi 10, nyingine zikiwa ni zile ambazo mtu huzoezwa kujitazama kwanza yeye mwenyewe, na nyingine zile ambazo ukoo na jamii hutangulizwa. Mpangilio ulitoka uleule: kukaa na wenzao kwanza, raha ya kileo pili, kusahau shida tatu, na hofu ya kutengwa mwisho. Tofauti ilikuwa kwamba katika nchi za kundi la kwanza sababu mbili za mwanzo zilitajwa kwa nguvu zaidi. Hiyo nafasi ya mwisho mimi naitilia shaka kidogo, kwa sababu si wengi wanaoweza kukiri kwenye dodoso kwamba walikunywa ili wasichekwe. Wewe umekiri, na kwa ukweli huo nakuheshimu.

Kwa hiyo msongo wa masomo, ambao wazazi na walimu huutaja kabla ya kitu kingine chochote, haushiki nafasi ya mbele. Sisemi haupo. Mtu aliyepata sapu tatu, yaani mitihani ya kurudia, na analala akihesabu alama zilizobaki kabla ya kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli, anaweza kuikimbilia chupa, na huyo ndiye wa kuangaliwa kwa karibu, kwani imeonekana mara nyingi kwamba anayekunywa ili kufukuza shida hupata madhara makubwa kuliko mwenzake anayekunywa kiasi kilekile kwa ajili ya mazungumzo. Ila wengi wanaojaa kwenye viti vya plastiki jioni ya bumu hawana sapu hata moja. Wamefuata watu.

Utamaduni basi unaingia wapi? Unaingia katika namna ya kunywa na, jambo ambalo wengi hawalitegemei, katika namna ya kulewa. Katika miaka ya 1950 mwanaanthropolojia Dwight Heath aliishi miongoni mwa Wakamba wa Bolivia, ambao si ndugu wa Wakamba wa Kenya bali wamefanana nao jina tu. Watu hao walikunywa pombe yenye nguvu ya asilimia 89, karibu spiriti tupu, wakiwa wameketi duara na kupokezana glasi kwa salamu maalumu. Walilewa hadi kulala pale pale, lakini Heath hakuona ugomvi, matusi wala fujo za kimapenzi. Mwaka 1969 Craig MacAndrew na Robert Edgerton walikusanya habari za jamii nyingi za namna hiyo wakaonyesha kwamba tabia ya mlevi hufunzwa. Kileo hulegeza viungo na ulimi kila mahali, ila kupigana, kulia, kuimba au kutongoza mtu hujifunza kwa wale aliowaona wakilewa kabla yake. Baadaye Alan Marlatt wa Chuo Kikuu cha Washington alitengeneza maabara yenye sura ya baa, na katika majaribio ya aina hiyo watu walioaminishwa kuwa wamepewa kileo walianza kuchangamka kama waliokunywa, ilhali glasini mlikuwa na kinywaji kisicho na tone la pombe. Nakusihi ulikumbuke hili siku utakapomsikia mtu akisema kwamba kilichotukana usiku ule ni pombe, si yeye.

Tazama pia Korea Kusini. Huko mwaka wa masomo huanza Machi, na wanafunzi wapya hupelekwa na waliowatangulia kwenye safari za kufahamiana ambazo kwa desturi hujaa soju, pombe ya kwao. Mdogo hupokea glasi kwa mikono miwili na kugeuza uso pembeni anapokunywa mbele ya mkubwa wake, na kumkatalia mkubwa glasi aliyoimimina kwa mkono wake ni utovu wa adabu. Unaona, basi, kwamba adabu ileile ambayo kwetu humfanya kijana asithubutu kunywa mbele ya mzee, kule ndiyo inayomlazimisha anywe. Japani nako kundi humpigia kelele mmoja wao amalize glasi kwa mkupuo, na wanafunzi wamepoteza maisha katika mchezo huo, hapo na Korea vilevile. Tena takriban theluthi moja ya watu wa Asia Mashariki wamezaliwa na mwili usioweza kuvunja kileo vizuri. Wakinywa kidogo tu, uso huwaka wekundu na moyo hudunda. Mwili unakataa waziwazi, na bado kijana anaendelea kwa sababu wenzake wanamtazama.

Sasa la Ulaya. Mwalimu wenu amesema nusu ya jambo. Ni kweli kwamba Italia na nchi jirani za kusini mvinyo umekuwa sehemu ya mlo, na kulewa hadharani kumehesabiwa kuwa aibu. Lakini Hispania, iliyo katika ukanda huohuo, ndiyo iliyoupa ulimwengu neno botellón, yaani vijana kukusanyika viwanjani usiku na chupa walizonunua dukani, mbali kabisa na meza ya mama. Denmark huruhusu kijana wa miaka 16 kununua bia, na pamoja na hayo vijana wake wameshika nafasi za juu za ulevi barani Ulaya kwa miaka mingi. Uingereza ina juma zima la kuwapokea wanafunzi wapya ambalo kwa wengi halitofautiani na ziara ya kutembelea baa zote za mji. Kuanza mapema hakumfundishi mtu kiasi. Kinachopunguza ulevi wa Italia, kwa kadiri ninavyouelewa, ni kwamba bibi yuko mezani.

Na hapo ndipo Ugogo, nchi hii ya Wagogo, unapokuwa na la kusema. Katika vijiji vilivyouzunguka mji huu, pombe ya mtama na uwele ilikuwa na msimu. Mvua hapa ni moja, kuanzia Desemba hivi hadi Aprili, mavuno hufuata, na nafaka ikiingia ghalani ndipo pombe ilipopikwa. Mwaka wa njaa haikupikwa, kwa kuwa hakuna aliyekunywa chakula cha watoto. Mwenye shamba aliwapikia waliomlimia, wazee walitangulia kunywa, na kijana asiyeoa alikuwa na nafasi ndogo sana pale. Sitaki kuipamba hali hiyo, kwa maana wazee walilewa pia na wake zao walijua adha yake. Nataka tu uone kwamba pombe ilikuwa na mwenyewe, ilikuwa na wakati wake, na ilikuwa na macho ya wakubwa.

Chuoni mavuno ni bumu. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 posho ya chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku, lakini hailetwi kila siku. Hulipwa kwa mkupuo, na siku 60 ni shilingi 600,000 zinazoingia kwenye simu au benki ya kijana ambaye pengine hajawahi kushika laki moja yake mwenyewe. Mavuno yamekuja bila shamba, bila mzee wa kumtangulia, na wanaomzunguka wote ni wa rika lake. Chukua kijana wa Moshi, wa Seoul au wa Madrid, umweke katika hali hiyo, na ndani ya muhula mmoja mila zao zitakuwa zimeyeyuka katika mila moja mpya ya wanavyuo. Fedha, basi, si sababu ya kunywa, ila ndiyo inayopanga tarehe.

Nimalizie na chupa zako mbili. Mwaka 1993 Deborah Prentice na Dale Miller walichapisha uchunguzi walioufanya kwa wanafunzi wa Princeton, Marekani. Walimuuliza kila mmoja mambo mawili: wewe mwenyewe unaridhika kiasi gani na unywaji wa hapa chuoni, na unadhani mwanafunzi wa kawaida anaridhika kiasi gani. Wanafunzi kwa ujumla walisema kwamba wao wana mashaka nao, ila wenzao wameridhika kuliko wao. Haiwezekani wote wawe sahihi. Kila mmoja alificha shaka yake, akautazama uso wa mwenzake uliokuwa ukificha shaka hiyohiyo, akadhani yuko peke yake. Nami yalinipata. Nilipokuwa mwanafunzi nilikaa karibu mwaka mzima nikizungusha raundi na rafiki zangu wawili, na miaka mingi baadaye, tukiwa watu wazima wenye wajukuu, mmoja akaniambia kwamba bia hakuwahi kuipenda na kwamba alikuwa akija kwa sababu alidhani mimi ndiye ninayeitaka. Mimi nami nilikuwa nikienda kwa ajili yake. Jaribu kumuuliza yule wa Iringa mkiwa wawili tu, mchana, siku ambayo bumu limekwisha, kama kweli anafurahia. Na mkienda pamoja tena, agiza soda mapema kabla ya mtu kukuagizia, kwa kuwa mezani wanaoshurutishwa ni wenye glasi tupu. Mwenye kinywaji mkononi huachwa aongee.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama mwenye nyumba huku Ng'ong'ona, nina vyumba tisa ninavyopangisha wanafunzi. Siku za kawaida ni watoto wazuri, wananiamkia, wananisaidia hata kubeba maji. Bumu likitoka, uani hapalaliki. Nimefikiria kupiga marufuku pombe kabisa ndani ya geti langu. Je, nitakuwa nimewasaidia au nimewafukuza tu?
Mama mwenye nyumba, Dodoma

JIBU: Dada yangu, nyumba ni yako na kelele zinaingia masikioni mwako, kwa hiyo haki ya kukataza unayo. Ila ujue kinachofuata katazo.

Marekani walijaribu kwa taifa zima. Sheria ya mwaka 1984 ililibana kila jimbo lipandishe umri wa kununua pombe hadi miaka 21, la sivyo lipoteze sehemu ya fedha za barabara kutoka serikali kuu. Vifo vya vijana barabarani vilipungua, na hilo si jambo dogo. Lakini mwanafunzi huingia chuoni akiwa na miaka 18, na miaka yake mitatu ya kwanza akajifunza kunywa vyumbani kwa siri, haraka, kabla ya kutoka, na zaidi pombe kali kwa sababu chupa yake hufichika kuliko kreti. Uchunguzi mkubwa wa Chuo Kikuu cha Harvard wa mwaka 1993 ulikuta kwamba asilimia 44 ya wanafunzi walikuwa wamekunywa kwa mkupuo katika wiki mbili zilizotangulia, yaani vinywaji vitano au zaidi kwa mwanamume na vinne kwa mwanamke katika kikao kimoja. Sisi wenyewe tuliona ya viroba, vile vifurushi vidogo vya pombe kali: vilipopigwa marufuku tarehe 1 Machi 2017 tulipumua, kwa kuwa kifurushi cha bei ya andazi hakikuwa tena mfukoni mwa mtoto wa shule, lakini pombe kali yenyewe iliendelea kuuzwa katika vichupa.

Kwa hiyo nakushauri ukataze kile ambacho macho yako yanaweza kukilinda. Pombe kali isiingie getini, muziki uzimwe saa nne usiku, na mgeni asilale bila wewe kujua. Bia yao wakinywea uani pako ukiwa umekaa kibarazani unachambua mboga, nina hakika watakunywa taratibu kuliko wakiwa grosari. Itakubidi ukae, na huo ndio ugumu wake. Wakikuletea zawadi ya mvinyo wa zabibu za Hombolo, hapa hapa Dodoma, upokee tu. Mji wetu unakamua mvinyo na kuwapa wageni waondoke nao, ilhali wapangaji wako wenyewe sijui kama wamewahi kuuonja.

SWALI: Mhariri, ubishi wa hosteli naomba uumalize. Je, ni kweli kwamba supu ya moto, kahawa au kuoga maji ya baridi humtoa mtu pombe kichwani kabla ya kipindi cha saa moja asubuhi?
Wabishi watatu, Dodoma

JIBU: Si kweli. Anayeitoa pombe mwilini ni ini, nalo lina mwendo wake usiohimizwa, wastani wa gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa. Chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takriban gramu 20, kwa hiyo inahitaji saa mbili au zaidi. Kichupa cha mililita 200 cha pombe kali ya asilimia 35 kina takriban gramu 55, karibu bia tatu, hata kama kinaingia kwenye mfuko wa shati. Aliyekunywa bia sita na kumaliza saa nane usiku ataingia darasani akiwa bado amelewa, na supu itakuwa imemrudishia chumvi na maji tu. Kahawa humfanya mlevi awe macho. Kile mnachokiita kutoa loki, yaani kunywa tena asubuhi ili kichwa kitulie, huliongezea ini deni na kusogeza maumivu hadi jioni.

Kwa kuwa mnakaa hosteli, niongeze jambo moja ambalo hamkuuliza. Mwenzenu akizima, msimlaze chali na kumfungia mlango kwa kudhani amelala, kwa maana kileo kilichoko tumboni huendelea kuingia kwenye damu hata baada ya mtu kupoteza fahamu, na matapishi yanaweza kuziba njia ya hewa. Mlazeni ubavu, mmoja abaki naye. Akipumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi ikikatika kwa sekunde 10 na zaidi, au ngozi ikiwa ya baridi na haamki hata mkimfinya, mpelekeni hospitali usiku huohuo, na mkifika mwambieni daktari alikunywa nini na saa ngapi.